Siku moja na jalada la mkataba uliositishwa

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Napitia masijala kabla sijafika mezani kwangu. Nasaini daftari la kuazimia majalada na kukabidhiwa jalada la mkataba wa mabomba ya maji, ule uliositishwa miezi mitano iliyopita baada ya mradi wenyewe kufutwa. Mkandarasi hana kosa. Nalisema hili mapema kwa kuwa watu wakisikia mkataba wa serikali umevunjwa, hudhani lazima kuna aliyeharibu kazi. Aliyeharibu na asiyeharibu hawalipwi kwa hesabu moja. Huyu anastahili gharama za kazi aliyokwisha kuifanya, za vifaa alivyonunua kwa ajili yetu, na za kufunga eneo la kazi. Mimi nakaa naye tukubaliane kiasi, na kila kiasi kiwe na karatasi inayokieleza.

Jalada la usitishaji hulifungua peke yake, silichanganyi na la zabuni wala la malipo ya kila mwezi. Kanuni za ununuzi za serikali ya Marekani, Sehemu ya 49, zinataka hivyo hivyo: kila mkataba uliositishwa uwe na jalada lake. Nchi hiyo ilitunga sheria ya kumalizia mikataba mwaka 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa, maana ilijua vikiisha viwanda vitabaki na oda ambazo hakuna anayezihitaji tena.

Saa tatu. Nahesabu folio, yaani karatasi za jalada zilizopewa namba, moja moja. Ya kwanza ni barua ya kusitisha, zinafuata orodha ya kazi zilizokamilika, kumbukumbu za vikao, hati ya madai na viambatisho vyake. Zote zipo.

Saa nne. Stoo ya mkandarasi. Mtunza stoo ni mtu mzima, namwamkia naye anajibu, "Marahaba mwanangu, leo tunahesabu nini?" Hati ya madai inasema mabomba 412. Tunahesabu mimi, yeye na karani wa mkandarasi, kila safu tukiipiga alama ya chaki ili isihesabiwe mara mbili. Tunapata 388. Karani anaduwaa, mzee wa stoo hata hashtuki. Anafungua leja yake, anashusha kidole hadi kwenye mstari mmoja: mabomba 24 yenye nyufa yalirudishwa kwa muuzaji, na stakabadhi ya muuzaji kupunguza deni imebanwa pembeni kwa pini. Aliyeandaa madai alifuata ankara ya ununuzi, hakuulizia stoo. Hakuna aliyetaka kuiba. Tunaandika hati ya kuhesabu mali papo hapo, tunasaini watatu, nami napiga picha ule ukurasa wa leja. Ningesema nitaandika nikirudi ofisini, saini ya karani ingenigharimu wiki nzima.

Saa sita. Hapa ndipo penye uzito wa siku. Kuna ankara ya vali iliyotolewa tarehe 6. Barua yetu ya kusitisha ina tarehe 3. Kijana ninayemfundisha kazi amekwisha kuipigia mstari mwekundu: "Dada, hawa walinunua baada ya kuambiwa wasimame. Tuifute."

Namwambia alete daftari la kupelekea barua. Barua ilisainiwa tarehe 3, ikalala kwetu siku kadhaa, ikapokelewa na mkandarasi tarehe 9. Saini ya mpokeaji ipo, na muhuri wao upo kwenye nakala yetu. Katika mkataba huu agizo la kusimama linaanza siku linapopokelewa. Tarehe 6 mkandarasi alikuwa bado ana wajibu wa kuendelea, na angesimama bila barua angekuwa amekosa. Vali zinalipwa.

Kijana ananyamaza, kisha anauliza kama lile daftari lisingekuwepo ingekuwaje. Ingekuwa neno letu dhidi ya neno lao, na kwa vile fedha ziko mikononi mwetu, huenda neno letu ndilo lingeshinda. Nimemwambia hivyo hivyo. Wengi hufundishwa kutunza kumbukumbu ili serikali isiibiwe, na ni kweli, lakini karatasi ya leo imemlinda yule asiye na nguvu.

Saa nane. Kikao na mkandarasi, hakikuwa kirefu. Ameomba faida ya kazi ambayo hakuifanya; mkataba hauruhusu, nimekataa, na ombi lake pamoja na sababu ya kukataa vimeingia kwenye muhtasari. Madai ya mkandarasi wake mdogo yamekuja bila karatasi za siku za kazi za mafundi. Hayo tumeyaweka kando hadi zije, tena kwa tarehe tuliyokubaliana.

Saa kumi. Naandika dokezo. Kwa kila kipengele naandika walichodai, tulichokubali, tofauti yake, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo inayorukwa na wengi. Niliwahi kurithi jalada lenye karatasi moja tu ya maafikiano: kiasi, saini, basi. Aliyekubaliana alikuwa amehamishwa. Mkaguzi aliponiuliza kiasi kile kilipatikanaje, sikuwa na jibu. Pengine kilikuwa cha haki kabisa. Malipo yalisimamishwa, na mtu aliyefanya kazi yake kwa uaminifu akawa anakuja kukaa kwenye benchi la ukumbini kwetu, mwezi baada ya mwezi, bahasha ya kaki mapajani. Sikuwa na la kumwambia, na sura yake sijaisahau.

Kwa hiyo kuhusu vali naandika aya nzima: tarehe ya barua, tarehe ya kupokelewa, ukurasa wa daftari, kifungu cha mkataba. Kijana anaisoma kwa sauti, ananisahihisha namba ya ukurasa. Nashukuru, nabadilisha, tunasaini wote wawili.

Saa kumi na moja na nusu. Narudisha jalada masijala. Asubuhi liliishia folio 58, sasa ni 63. Mtunza masijala anahesabu tena mbele yangu, anaandika 63 daftarini, ananigeuzia nisaini.