Chandarua cha mama hakikuwa feki

Mama yangu analima mpunga Chekereni, chini ya Moshi mjini, majaruba mawili yanayopata maji ya mfereji wa skimu ya umwagiliaji. Msimu ule nilikuwa nimepata kibarua cha kuwakusanyia watafiti viluwiluwi wa mbu: unainama jarubani tangu asubuhi na kata yenye mpini mrefu, unachota, unatazama, unamwaga, unachota tena. Jioni moja nikamkuta mama amekaa kitandani, chandarua mapajani. Ni kile alichopewa dada yangu kliniki alipompeleka mtoto chanjo ya surua.

"Baba, hii dawa waliyoweka humu ni maji," akaniambia. "Njoo uone."

Mbu alikuwa ametua juu ya wavu, kichwa chini, mkia juu, mkao usiokosewa wa anofelesi, mbu anayeeneza malaria. Mama akamgusa kwa ukucha. Akaruka zake, akatua ukutani kama mwenye nyumba.

Sikumbishia, maana hata mimi nilishaanza kuamini maneno ya mtaani kwamba vyandarua vya siku hizi ni feki. Jirani yetu alishakata chake akazungushia vifaranga. Lakini kwa kuwa nilikuwa karibu na watu wanaopima vitu hivi, nikamwomba mama nikate kipande kidogo kwenye kona. Alikubali kwa shingo upande.

Dada mtafiti aliyekuwa akitusimamia kazini hakucheka. Aliuliza swali moja: "Unataka kukipima na mbu gani, wa kwenu au wa Kisumu?"

Hapo ndipo nilipojua kuna mbu wa Kisumu. Ukoo huo ulianzia kwa mbu waliokusanywa Kisumu, Kenya, mwaka 1975, na tangu hapo wanalelewa maabara, kizazi kwa kizazi, bila kuguswa na dawa. Hao ndio kipimo. Dawa ikiwa ipo kwenye wavu, wao watakufa. Wakipona, basi kweli wavu ni wa kushonea magunia.

Jaribio lenyewe halina makuu. Unafunika kipande cha wavu kwa koni ya plastiki, unawaingiza mbu watano kwa kuwanyonya na kuwapuliza kwa mrija, unawaacha dakika 3, kisha unawahamishia kwenye kikombe chenye pamba iliyoloweshwa maji ya sukari. Baada ya saa 1 unahesabu walioanguka, baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Unarudia koni baada ya koni. Na lazima uwe na kundi la kulinganishia, mbu waliowekwa kwenye wavu usio na dawa kabisa.

Mara ya kwanza niliharibu. Asubuhi nikakuta mbu wa kulinganishia wamekufa wanane kati ya 25, na hao hawajagusa dawa! Wakifa wengi kiasi hicho jaribio zima linatupwa, hakuna mjadala. Kosa lilikuwa langu: jioni niliwahi daladala, sikulowesha pamba upya, ikakauka usiku. Siku zote nilizolea viluwiluwi wale mpaka wakawa mbu wakubwa zikaenda na maji. Nilirudi jarubani na kata yangu.

Mara ya pili nilikagua pamba mpaka nikachekwa. Mbu wa Kisumu walianza kuyumba koni zikiwa bado mezani, wakalala chali wakitupa miguu, na kesho yake walikuwa vumbi. Mbu wa Chekereni, niliowachota mwenyewe hatua chache kutoka jaruba la mama, wengi wao walikuwa wamesimama ukingoni mwa kikombe wakisugua miguu. Wavu uleule, dakika zilezile.

Kumweleza mama ndiko kulikonipa jasho. Nilianza na jeni, akaniangalia tu. Nikahamia kwenye mfereji.

"Mama, geti la mfereji likikwama wazi, inakuwaje?"

"Jaruba linafurika, miche inaoza."

Nikamwambia mishipa ya fahamu ya mbu nayo ina vigeti, vinafunguka na kufunga kupitisha sodiamu. Dawa ya chandarua, ambayo ni ya jamii iliyoigwa kutoka kwenye pareto, inakibana kigeti kisifunge, ndiyo maana mbu anatetemeka na kuanguka. Sasa wapo mbu waliozaliwa na kigeti kilichobadilika mahali pamoja tu, nafasi ya 1014 ya protini yake: palipopaswa kuwa na lusini, moja ya asidi amino zinazojenga protini, pana nyingine, serini au fenilalanini. Dawa haipati tena pa kushika vizuri. Anapona, anataga, na watoto wake wanarithi.

Ila kwa mbu wa ukanda wetu wa mpunga, watafiti walikuta kazi kubwa inafanywa na kitu kingine: vimeng'enya vinavyoivunja dawa mwilini kabla haijafika kwenye kigeti. Ndiyo sababu vipo vyandarua vilivyoongezwa kiungo kiitwacho PBO, kinachovizuia vimeng'enya hivyo. Vilijaribiwa Muleba, Kagera, na Shirika la Afya Duniani likavipitisha mwaka 2017. Vya klofenapiri, dawa ya jamii nyingine, vilivyojaribiwa Misungwi, Mwanza, ndivyo vinavyonifurahisha zaidi: vimeng'enya vilevile vya mbu ndivyo vinavyoigeuza dawa hiyo kuwa sumu kamili. Anajipikia mwenyewe.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali nililokuwa nikilikwepa. "Na ile dawa tunayopigia mpunga?"

Nyingi ni za ukoo huohuo, na viluwiluwi wanaishi ndani ya maji yaleyale. Nilimwambia hivyo. Akatazama bomba la kupulizia lililoning'inia nyuma ya mlango, hakusema neno.

Chandarua alikirudisha kitandani usiku uleule. Nilikuwa nimemweleza kwamba hata mbu asipokufa, wavu mzima usio na tundu unamzuia asimfikie mtoto. Akainyanyua ile kona niliyokata.

"Usio na tundu, eeh? Na hili?"

Nikatafuta sindano na uzi.