Nilivyopanda Amani kwa Baiskeli ya Changarawe (na Ushauri Nilioutupa Njiani)

Ushauri niliopewa kabla ya kwenda Amani, hifadhi ya msitu kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, ungejaza gunia, na karibu wote ulitoka kwa watu ambao huko hupanda kwa Noah au bodaboda. Jaza upepo mpaka gumba lisibonyee. Weka madigadi, kule mvua haikati. Tafuta baiskeli nzito yenye springi mbele na nyuma, barabara ile ni mawe matupu. Jamaa mmoja pale Muheza aliitazama baiskeli yangu, akacheka, akasema hiyo ni ya lami, fremu itakatika kabla sijaiona Sigi, pale mlima unapoanzia.

Fremu ni nzima. Nimepanda nayo, nimeshuka nayo, na nikipata nafasi napanda tena.

Ni baiskeli ya changarawe, mtumba wa Dar. Usukani wake umekunjwa kama pembe za kondoo, ndiyo maana watu huidhania ya mashindano, lakini matairi ni ya milimita 40, yana vijino pembeni, na fremu imeachwa wazi vya kutosha kumeza tairi nene. Ilinigharimu kama laki saba hivi ukijumlisha na vitu nilivyobadilisha. Nyumbani wanajua laki tatu. Katika hivyo nilivyobadilisha, gia ya nyuma ndiyo sitaki mjadala: mbele nina meno 40, nyuma ile kubwa kabisa ina meno 42, maana yake ukiwa kwenye mlima mkali pedali inazunguka mara moja na gurudumu halifiki hata mzunguko mmoja. Anayekwambia mlima unapandwa kwa nguvu za miguu, muulize mara ya mwisho alipanda lini.

Kutoka Muheza hadi Sigi ni kilomita 25 hivi, nyingi za udongo na kokoto. Mashamba ya machungwa, nyumba, watoto wa kukupigia kelele, kisha misaji ya Longuza imejipanga mistari pande zote na kivuli chake kizuri. Wengi huona sehemu hii rahisi. Mimi ndiyo iliyonitesa, kwa sababu nilikuwa nimetii ule ushauri wa gumba. Tairi ngumu kwenye kokoto inadunda, haishiki. Kila kijiwe kinapanda kwenye mikono mpaka vidole vinakufa ganzi, na ukikanyaga pedali kwa nguvu gurudumu la nyuma linazunguka pale pale na kurusha kokoto. Karibu na Kisiwani nikasikia "pssss". Jiwe lenye ncha lilikuwa limechana ubavu wa tairi la nyuma, mchano wa urefu wa kidole, na tyubu imechungulia nje kabla ya kupasuka.

Kiraka cha tyubu ninacho, solusheni ninayo, lakini ubavu wa tairi hauzibwi kwa solusheni. Dukani walikuwa na matairi ya baiskeli za kawaida tu, hayaingii kwenye rimu yangu. Kijana wa bodaboda akasema, lipeleke kwa mzee wa viatu. Nikadhani ananitania.

Mzee alikuwa chini ya mwembe na kisanduku chake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, macho yapo kwenye tairi. Akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mchano, akaniuliza nimejaza kiasi gani. Nikamwambia. "Umelijaza mno, mwanangu. Tairi gumu halina pa kukimbilia, jiwe likija linachana."

Halafu akalishona! Alitoboa matundu kwa msharasi pande zote mbili za mchano, mbali kidogo na ukingo ili uzi usije ukakata mpira, akapitisha uzi wa nailoni wa kushonea soli, mishono ya kukatiza. Hakuikaza sana. Nilipomhimiza akaze akanikata jicho, akaniambia tairi linahema, ukilibana litachanika pembeni ya mshono. Akapaka nta ya mshumaa juu ya uzi maji yasiozeshe. Ndani akaweka kipande cha tyubu ya pikipiki, kingo zake kazinyoa kwa wembe zikawa nyembamba kabisa, ili tyubu yangu isisuguliwe na uzi wala isikwaruzwe na kingo. Akaomba elfu mbili. Nikampa zaidi, akanirudishia sehemu, akasema nikanywe chai. Mshono ule upo mpaka leo, na sina mpango wa kununua tairi jipya.

Tangu hapo najaza upepo kwa macho. Ukikaa kwenye siti, mwenzako aangalie tairi la nyuma: livimbe kidogo pembeni, lisilale. Kwa uzito wangu wa kilo 70 na ushei inakuja kama upepo 35 (PSI za kwenye pampu) nyuma, mbele 30. Usizidi kupunguza, maana rimu itabana tyubu kwenye jiwe na utapata pancha ya matundu mawili kwa mpigo. Mabadiliko niliyaona papo hapo. Kokoto zile zile, barabara ile ile, mikono ikapumua.

Sigi ndiyo lango la hifadhi. Unalipia kwa namba ya malipo kwenye simu, Mtanzania hulipa kidogo tu ukilinganisha na mgeni. Ukitaka kuingia njia za ndani ya msitu, panga na mwongozaji hapo hapo. Lakini barabara kuu inayopanda Amani inakutosha kabisa kwa mara ya kwanza. Pumzika kwanza. Ile nyumba ya zamani ilikuwa ya mkuu wa stesheni: Wajerumani walileta reli nyembamba kutoka Tengeni mpaka hapa, kwa ajili ya mbao. Iliishia hapa hapa. Mbele yako kuna kilomita zisizofika 10, na unatoka kwenye mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari hadi karibu 900. Ukianza kuhema kwenye kona ya tatu, kumbuka treni yenyewe haikuthubutu.

Mlima wenyewe sina mengi. Gia nyepesi, kaa kwenye siti, usisimame, maana ukisimama uzito unakimbilia mbele na gurudumu la nyuma linateleza. Kuna mbega weusi kwa weupe wanaokutazama bila haraka, na hondohondo wakiruka juu ya miti mbawa zao zinavuma mpaka unainua kichwa. Miti ya mitambara imesimama mirefu, kuna ubaridi wa maji kila unapokata kijito.

Karibu na juu mvua ikashuka. Amani hupata kama milimita 1,900 kwa mwaka, kwa hiyo sikushangaa. Nilichoshangaa ni madigadi. Udongo mwekundu wa kule ukilowa unanata kwenye tairi, tairi linaupeleka kwenye madigadi, madigadi yanaushikilia, na ukishajaa gurudumu halizunguki kabisa. Nilichokonoa kwa kijiti, nikaenda hatua chache, likagoma. Nikachokonoa tena, likagoma tena. Mama mmoja alinipita na furushi la kuni kichwani, akanipa pole, na mpaka nafika kona ya mbele yeye alishapotea. Nikatoa spana namba kumi, nikayafungua yote mawili pale kwenye matope, nikayafunga nyuma kwa kipande cha tyubu. Nilipofika juu mgongo mzima ulikuwa mwekundu, lakini nilifika nimekaa juu ya baiskeli. Mgongo unafuliwa.

Juu pale ndipo bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902, na ukiendelea kidogo unaingia kwenye chai ya Kwamkoro. Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Njia za mashamba ya chai ni za changarawe iliyoshindiliwa, zinapanda na kushuka taratibu, kushoto chai, kulia ukuta wa msitu. Baiskeli ya springi ningeisukuma tu na uzito wake. Hii ilikuwa inaimba. Beba koti hata kama Muheza umeondoka unatiririka jasho, na lala huko kama una nafasi, kurudi siku hiyo hiyo ni kujinyima.

Kushuka kuna somo lake, na mwalimu wangu alikuwa kijana aliyebeba ndizi, mikungu kushoto na kulia na mmoja juu ya keria, breki ya nyuma tu. Alinipita. Nikamkuta mbele amesimama anamwagia rimu maji kutoka kwenye chupa. "Kaka, usishike breki muda wote, zinaungua. Punguza kabla ya kona, kwenye kona achia." Nikamfuata mgongoni hadi Sigi nikiiga kila anachofanya, naye ana mizigo mitatu na kandambili.

Msimu: Januari na Februari, au kuanzia Juni baada ya masika. Mvua utaipata tu, ila ya kuvumilika. Beba tyubu mbili, spana namba kumi, na raba za breki za akiba, kwa sababu zangu nilipofika Muheza zilikuwa zimebaki chuma, na saizi yake hapo mjini hakuna aliyekuwa nayo.