Juisi ya ukwaju na Piaget

Jana nimemfanyia mpwa wangu wa miaka mitano lile jaribio la Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi. Glasi mbili zinazofanana, juisi ya ukwaju sawa kwa sawa; akakubali zimelingana. Nikamimina moja kwenye glasi nyembamba ndefu, yeye anatazama. "Hii ndo nyingi!" Dada yake wa miaka tisa akacheka hadi akapaliwa: "Si juisi ileile, we!"

Kwa Piaget, mtoto wa chini ya miaka saba hivi hushika jambo moja tu, urefu, upana anausahau. Waliokuja baadaye walimpinga kidogo: ukimuuliza mtoto swali lilelile mara mbili, huenda akadhani jibu la kwanza alikosea. Hapo nawaunga mkono.

Ila Piaget hatua zake za ukuaji wa akili ziliishia ujanani. Mimi ni wa Erik Erikson, mwanasaikolojia mwingine, ambaye hatua zake za maisha ni nane, hadi uzeeni. Ya saba ni kujali kizazi kinachofuata. Mama yangu, mwalimu mstaafu, bado yuko hapo: jioni baraza imejaa watoto wa majirani, anawafundisha hesabu bure, na sisi wanawe tukipiga simu tunaambiwa tusubiri.