Thabai za Todmorden

Mwaka wangu wa kwanza Todmorden, mji mdogo ulio kwenye bonde la mto Calder huko West Yorkshire, nilikula kabichi hadi nikaikinai. Sukuma wiki ya dukani ilikuja imekatwakatwa ndani ya mfuko, na vijiti vyake vyote humo humo.

Aprili moja asubuhi, natoka kazini zamu ya usiku, nikipita kando ya mfereji wa Rochdale, nikaona thabai, yale majani ya mwituni yanayowasha. Ukingo mzima! Jani lake ni jembamba kidogo kuliko la kwetu Limuru, Kenya, na mwasho wake ni mpole zaidi, lakini harufu ni ile ile ya jikoni kwa cucu, bibi yangu, akizichemsha kabla ya kuziponda kwenye mukimo, ule mseto wa viazi na mahindi.

Sikuchuma siku hiyo. Niliogopa kuambiwa nimeiba. Nilimuuliza jirani yangu, mama wa miaka themanini na kitu, naye akanieleza kwamba sheria ya mwaka 1968 inaruhusu kuchuma majani, matunda na uyoga wa mwituni kwa chakula chako, mradi huuzi. Kung'oa mmea na mizizi yake ndiko kunakohitaji ruhusa ya mwenye ardhi. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: mama yake alikuwa akipika thabai kila majira ya kuchipua.

Chakula chenyewe kinaitwa dock pudding. Wanachukua thabai changa pamoja na jani jingine refu la mbugani, lenye ua la waridi, wanavichemsha na vitunguu, kisha wanatia oti na kusonga hadi rojo iwe nzito na ya kijani kibichi karibu na nyeusi. Ikipoa inakaangwa kijiko kijiko kwenye mafuta ya bekoni. Mytholmroyd, hapo chini bondeni, walianza mashindano ya kuipika mwaka 1971. Mimi niliyedhani nakula chakula cha shida ugenini!

Tangu hapo nachuma kwa glavu za kuoshea vyombo. Nakata ncha tu, majani manne au sita ya juu, mbali na njia ya mbwa, na naacha kabisa thabai zikianza kutoa maua kwa sababu majani yanakuwa na chembechembe kama mchanga. Viungo navitoa mjini kwenyewe. Tangu 2008 watu wa Incredible Edible, kikundi cha kujitolea cha hapo mjini, wanapanda mboga na majani ya kitoweo stesheni ya treni, na hata mbele ya kituo cha polisi, na yeyote anaruhusiwa kuchuma bure.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye kitunguu saumu cha mwituni. Msituni kinatanda kama zulia, ukikikanyaga kinanuka. Nikakamata majani kwa mafungu badala ya moja moja. Nyumbani nikaonja jani bichi, na ulimi ukachomwa kama nimemeza sindano. Nilijua mara moja, kwa sababu nduma (magimbi) isiyoiva hufanya vivyo hivyo. Lilikuwa jani la mmea wa ukoo wa nduma, unaoota katikati ya kitunguu hicho, na ukiwa mchanga unafanana nacho sana. Nilitema, nikasukutua, nikamwaga kapu lote. Mkono ukishashika harufu ya kitunguu, pua haiwezi tena kutofautisha, kwa hiyo sasa naangalia kila jani: la sumu lina mishipa iliyosambaa kama wavu, la kitunguu mishipa yake inakwenda sambamba.

Mei nilipika mukimo wa thabai, viazi na mahindi ya kopo, nikampelekea jirani sahani. Alikula nusu kimya kimya. Kisha akainuka, akabandika kikaango, akakaanga vipande viwili vya bekoni, na ile nusu iliyobaki akaitumbukiza kwenye mafuta yake hadi ikashika rangi ya kahawia pande zote mbili.