Siku Shangazi Aliponipeleka Cardiff

Shangazi yangu alikuwa muuguzi kule Neath, kusini mwa Wales, na nyumbani kwake kulikuwa na mambo mawili yasiyo na mjadala: ibada ya Jumapili na Shane Williams, winga wa timu ya raga ya Wales. Ibada ningeweza kuikwepa nikiwa nimetoka zamu ya usiku. Shane, thubutu!

Basi Jumamosi ya tarehe 3 Desemba 2011 tukapanda treni kwenda Cardiff, yeye na skafu yake nyekundu, mimi ndani ya koti la kuazima lililonipwaya mabegani. Wales ilikuwa inapambana na Australia, na Shane alikuwa anaiaga jezi ya taifa akiwa na umri wa miaka 34.

Njia nzima nilisimuliwa maisha ya mtu huyo kana kwamba sikuwa nimeyasikia wiki iliyotangulia. Jinsi alivyofanya kazi kwenye ofisi ya kutafutia watu ajira huku akiichezea Amman United, klabu ya bonde la kwao. Jinsi alivyohamia Neath. "Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni kitoto cha kuokota mipira," shangazi akasema, na mzee aliyeketi mbele yetu akageuka kutaka kujua kinachochekesha. Mwaka 2000 akaitwa timu ya taifa, kisha yakaja majeraha, kisha yakaja maneno kwamba hana mwili. Ukweli ni kwamba Jonah Lomu, winga wa New Zealand mwenye mwili wa jitu, alikuwa amewavuruga makocha wa dunia nzima. Kila mmoja alitaka winga mwenye kifua cha fowadi, wale wazito wa kusukumana mbele, na huyu alikuwa na kimo cha mita 1.70.

"Unajua alikwendaje Kombe la Dunia la 2003, baba?"

"Najua, shangazi."

"Kama skramhafu wa akiba! Tena wa tatu!"

Yaani hakwenda kama winga, bali kama mtu wa tatu wa kazi ya kuutoa mpira kwenye msongamano. Wales ilipokutana na New Zealand kule Sydney, wakubwa wengi wakapumzishwa na yeye akapewa nafasi pembeni. Walifungwa 53–37, lakini All Blacks, ndio hao New Zealand, walitoka pale wakiwa wamehenyeshwa na mtu ambaye nusura aachwe nyumbani. Tangu hapo habari ya kilo ikafa. Zilifuata Grand Slam mbili, yaani kushinda mechi zote za Mataifa Sita ya Ulaya, 2005 na 2008, na mwaka huo wa 2008 akatawazwa mchezaji bora wa dunia.

Uwanja wa Millennium, kama ulivyoitwa wakati huo, uko katikati ya mji, unashuka kwenye treni na kufika kwa miguu kabla hujamaliza chipsi zako. Wimbo wa taifa ulipopigwa, skrini kubwa ikamwonyesha Shane machozi yakimlengalenga. Shangazi aliuimba wote kwa Kiwelisi chenye lafudhi ya Kisumu, huku akilia waziwazi. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata msibani.

Mechi yenyewe sikuifurahia, na sitajifanya. Wales ya miaka ile ilipenda kugongana katikati ya uwanja, wanaume wa kilo mia wakipigana vikumbo, na mpira haukuwa na haraka ya kufika pembeni. Nikaacha kuufuata mpira, nikawa namwangalia Shane peke yake. Ukimwangalia winga kwa namna hiyo ndipo unapojua upweke wa kazi ile: anakimbia mbio ambazo hakuna anayezihitaji, anarudi, anaanza tena. Kipindi cha pili Wales ikapewa kadi ya njano, ambayo kwenye raga humtoa mchezaji nje kwa dakika kumi, na wakiwa 14 badala ya 15 Australia wakawapiga trai tatu, yaani mara tatu waliuweka mpira chini nyuma ya mstari wa Wales. Watu wa mstari wetu wakaanza kuvaa makoti. Foleni ya treni Cardiff baada ya mechi inajulikana, na mtu mwenye busara huiwahi.

"Wacha waende," shangazi akasema. "Hawana adabu."

Dakika 80 zikaisha. Mpira ulikuwa bado hai mikononi mwa Wales, na ukitoka tu, basi. Uwanja mzima ulijua unapotakiwa kwenda. Waaustralia nao walijua, nadhani hata wauza bia walijua. Ukapita mkono hadi mkono kuelekea kushoto, ukamfikia, na sikuona vizuri alivyopenya kwa sababu shangazi alikuwa amesimama na skafu yake imenifunika uso. Nilipoitoa, Shane alikuwa amekwisha kuvuka mstari na anapiga sarakasi. Trai ya 58 kwa Wales, mguso wake wa mwisho katika jezi ile. Matokeo yalisomeka 24–18 kwa Australia, na mtu ambaye angepita mjini jioni ile angedhani walioshinda ni wenyeji.

Foleni tuliipanga kweli, na baridi ilitutafuna. Tulipopata viti kwenye treni, nikaona nimchokoze kidogo. Nikamwambia labda Waaustralia walimpisha, kwa heshima ya kumuaga.

Akanitazama kwanza, kama mgonjwa aliyekataa dawa.

"Waaustralia? Wampishe mtu?" Akavua skafu, akaikunja, akaiweka mapajani. "Wewe ulikuwa unaangalia nini muda wote ule?"

Ningemjibu kwamba nilikuwa naangalia pamba nyekundu, lakini alikuwa amekwisha kugeukia dirishani. Mpaka tunaipita Bridgend hakunisemesha.