Nilivyowapata akina baba siku ya somo wa shule yetu

Shule yetu ni ndogo, ya parokia, huku upande wa Vunjo kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Inaendeshwa na masista, ina mkondo mmoja tu kuanzia awali hadi darasa la saba, na kengele yake bado ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mparachichi. Mwaka juzi wazazi walinichagua niwe katibu wa kamati yao. Kero niliyoikuta wengi mnaijua: ukiitishwa mkutano au sherehe, wanakuja akina mama na mabibi. Akina baba unawahesabu kwa vidole.

Mwaka huu, siku ya somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wa shule, Mtakatifu Kizito, akina baba walikuja, tena wengine tangu alfajiri. Sasa mbele yetu kuna mahafali, Kipaimara na mkutano wa Desemba, na wazazi wa shule za jirani wameniuliza tulifanyaje. Nimeona niandike.

Kwanza nilipita nikiuliza sababu, bila kulaumu. Wengi hawakuwa wazembe. Wako wanaofanya kazi Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, huku watoto wanalelewa na bibi zao. Waliobaki nyumbani wana kahawa, ng'ombe wa zizini, bodaboda na vibarua, na mikutano yetu ilikuwa ikiitishwa katikati ya wiki, saa nne asubuhi. Lakini sababu nzito aliniambia baba mmoja tukiwa tumesimama njiani, mundu begani kwake: "Mama, mimi nikiona bahasha ya shule najua nadaiwa. Niende nikakae kwenye benchi nisomewe deni mbele ya watu?"

Maneno yale yalinikaa. Nilimfuata Sista mwalimu mkuu, tukakubaliana kwamba siku ya somo neno ada halitatajwa. Halitakuwamo kwenye risala, halitasemwa kwenye kipaza sauti, wala mtu hatadokezwa mlangoni. Mwenye deni angeonana na mhasibu siku nyingine, faragha. Sista alilisimamia hilo mpaka mwisho, na ninamshukuru sana, kwa sababu najua shule inavyohitaji fedha.

Kisha tukaitazama kalenda. Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, ambao Kizito ni mmoja wao, ni 3 Juni, na muhula wa kwanza huishia siku hizo hizo, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Kwa miaka mingi tulikuwa na misa ya somo siku moja, kuchukua ripoti siku nyingine, na mkutano siku ya tatu. Mwanaume mwenye kibarua hawezi kuziacha siku zote hizo. Mwaka huu 3 Juni iliangukia katikati ya wiki, kwa hiyo watoto walisali siku yenyewe na walimu wao, na Baba Paroko akaturuhusu kufanya adhimisho kubwa Jumamosi iliyofuata. Misa, igizo, ripoti na chakula, vyote siku moja, na ikifika saa tisa kila mtu awe huru.

Hapo ndipo nilipoanza kuzungukia jumuiya. Jumuiya zetu ndogondogo husali Jumamosi asubuhi na mapema, nyumba kwa nyumba, na huko wanaume wapo, hata wale ambao shuleni hawaonekani. Nikishasalimu "Tumsifu Yesu Kristo" na kuitikiwa "Milele amina", sikuwaomba waje kwenye sherehe. Niliomba mtu wa kufanya kazi fulani. Nani atafunga maturubai? Nani ana nguzo? Nani anajua kuchoma ndafu, yule mbuzi mzima, vizuri? Nani atasimamia maji na kuni? Nilikuwa na daftari mkononi, na sikuandika jina la jumuiya, niliandika jina la mtu. Anayealikwa anaweza kutuma udhuru na hakuna atakayegundua, lakini mwenye kazi asipofika, kazi yake italala na kila mtu ataiona. Jumapili mbili kabla, wakati wa matangazo baada ya misa, katibu wa parokia alisoma majina yote na kazi zao. Niliwaona wanaume wakigeuziana shingo na kutabasamu. Baada ya misa hao hao walinifuata kuuliza: mbuzi wangapi, turubai la ukubwa gani, nije saa ngapi.

Wazazi wasio Wakatoliki jumuiya haziwafikii. Shule yetu ina watoto wa Kilutheri wengi na Waislamu kadhaa, na nisingependa hata mmoja wao aone kwamba siku ya Kizito haimhusu. Hao niliwafuata nyumbani. Babu mmoja Mwislamu, mwenye mjukuu darasa la pili, tulimwomba atuchinjie mbuzi, ili siku hiyo pasiwe na mtoto wa kula pembeni. Alikubali papo hapo, akauliza tu kisu kiko wapi, kisha akasema atakuja na chake. Fundi wa spika alikuwa baba wa Kilutheri, mpiga kinanda wa usharika wao.

Jambo lililonipa mawazo kuliko yote ni watoto wasio na baba. Wapo yatima, wapo ambao baba aliondoka na hakurudi. Kuandika "siku ya akina baba" kungekuwa kuwatonesha. Kwa hiyo mwaliko ulisema: baba, babu, mjomba, kaka mkubwa au msimamizi wa ubatizo. Walimu wa madarasa walipitia majina mtoto mmoja mmoja, na palipokuwa na pengo tulizungumza na familia mapema. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili alimpata mjomba wao kutoka Himo. Kwa akina baba walio mbali, niliwaomba kila mmoja arekodi maneno machache ya sauti kwa mwanawe. Kuna waliotaka tuyapige kwenye spika. Tulikataa. Mwalimu alimwita mtoto pembeni, akamsikilizisha kwenye simu peke yake.

Kuhusu pombe nieleze, maana ilileta ubishi. Wazee walisema ndafu bila mbege, pombe yetu ya ndizi, haijawahi kusikika. Sista alisema mbege haiingii kwenye uwanja wa watoto, na mimi nilikuwa upande wake. Mwenyekiti wa jumuiya moja akatutoa kwenye mkwamo: mbege itakuwa nyumbani kwake, jioni, baada ya watoto kurudi makwao. Wazee wakaridhika, shuleni tukanywa chai ya tangawizi na juisi.

Ndafu ndiyo iliyotufanyia kazi kubwa. Mbuzi mzima, aliyechunwa na kupakwa limau, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, humharakishi. Unamgeuza taratibu juu ya makaa kwa saa nyingi, na ukimwacha kidogo upande mmoja unaungua. Kwa hiyo moto uliwashwa kungali giza. Juni huku kwetu ni baridi na ukungu, na nilipofika nikiwa na sufuria za mtori nilikuta wanaume wamezunguka makaa nyuma ya jiko la shule, mablanketi mabegani, migomba ikidondosha maji juu ya vichwa vyao. Walikuwa wameshafunga maturubai. Wengine walikuwa wanapanga majani ya masale pembezoni mwa njia kuanzia getini hadi kanisani. Saa tatu rimu ilipogongwa kuita watu kwenye misa, hapakuwa na haja ya kumtafuta baba yeyote. Walikuwa wapo tayari. Walinawa, wakaacha watu wa zamu kwenye moto, wakaingia kanisani.

Watoto huigiza kisa cha Namugongo, Uganda, kila mwaka: Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na vijana alioamuru wauawe, yaani Karoli Lwanga na wenzake, na Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote, wa miaka 14 hivi, waliochomwa moto 3 Juni 1886. Lwanga ndiye aliyembatiza Kizito siku chache tu kabla ya kifo, na Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu, pamoja na wenzao, 22 kwa jumla, tarehe 18 Oktoba 1964. Zamani sehemu zote zilichezwa na watoto. Safari hii tulimwomba baba mmoja, fundi seremala mwenye sauti nzito, awe Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka. Alichonga mikuki ya mbao mwenyewe. Alipotokea nyuma ya altare ya nje akinguruma, watoto wa awali walipiga kelele mpaka mbele, na mwanawe wa darasa la nne alisimama juu ya benchi kuwaambia wote kwamba yule ni baba yake.

Ripoti hatukuzigawa kwa foleni ya ofisini. Sista alifungua madarasa, na kwenye kila dawati mwalimu aliweka daftari za mtoto, ripoti juu yake. Mtoto alimpeleka mgeni wake akakae kwenye dawati lake. Nilipita darasa la tatu nikamkuta yule yule baba wa mundu, amekunja magoti kwenye kiti kifupi, vidole vyeusi kwa masizi ya makaa, akifungua daftari la hesabu kwa ncha ya kidole ili asilichafue. Binti yake alikuwa anamwonyesha mahali alipokuwa anakosea kugawanya na mahali alipoanza kupatia. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa bila kusema. Kisha akamwita mwalimu na kumuuliza nyumbani amsaidieje kwa upande wa kusoma, kwa sababu kwenye Kiingereza alama zilikuwa chini. Mwalimu alikaa naye muda mrefu.

Chakula sina haja ya kukieleza sana, kilitosha. Jumuiya zilileta ndizi, maharage na mchele badala ya michango ya fedha, na kilichobaki Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, kilibeba jioni hiyo hiyo kwa wazee wawili wasiojiweza. Watoto wa chama hiki nawapenda. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa, ambaye aliwaomba watoto Salamu Maria moja kila siku na senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzao. Wetu wanafanya hivyo hivyo mpaka leo, kwa kopo la maziwa lililotobolewa kifuniko.

Muhula wa pili ulipofunguliwa Julai, akina baba kadhaa walirudi wenyewe. Walikuwa wameona bomba la tangi linavuja siku ya sherehe. Walilitengeneza Jumamosi moja, na UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki wa parokia, ikaahidi kuweka mfereji wa kukinga maji ya bati. Ada pia nyingine zimelipwa bila mtu kusukumwa, ingawa siwezi kusema ni kwa sababu ya ile siku.

Sasa tuko Agosti na daftari langu limefunguka tena. Septemba darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa. Novena yao inaanza siku tisa kabla, na kila jioni familia moja ya mtahiniwa inaongoza sala. Nimeomba siku hizo aongoze mwanaume wa nyumba, na nafasi zimeshajaa. Mahafali yatafuata baada ya mtihani. Oktoba ni mwezi wa Rozari: watoto watazungukia jumuiya jioni, na mabodaboda wamejitolea kuwasindikiza wadogo kurudi nyumbani kukiwa giza. Kipaimara tunasubiri tarehe kutoka jimboni, na kila mtoto ameshaambiwa atafute msimamizi mapema, si wiki ya mwisho. Novemba tutakwenda na darasa la tano na la sita kusafisha makaburi ya parokia.

Jipya kabisa ni mkutano wa Desemba. Kila mtu anajua Wachaga wanarudi nyumbani Krismasi. Mabasi ya Dar yanajaa, na barabara ya huku juu inakuwa na magari usiku na mchana. Wale akina baba tusiowaona mwaka mzima wako hapa, wamekaa kihambani, kwenye shamba la ukoo. Shule inakuwa imefungwa, lakini Sista amekubali kuifungua tarehe 28 Desemba, sikukuu ya Watoto Mashahidi. Utoto Mtakatifu wataimba kwenye misa, madawati yatapangwa na daftari juu yake kama Juni, na walimu watatu wanaoishi karibu wamekubali kuja. Ada haitatajwa. Nimeshawatumia ujumbe wa sauti walio mbali, mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kazi: wa Arusha analeta kamba za maturubai, wa Dar es Salaam wawili wanagawana mbuzi. Babu wa kisu ameniambia nimkumbushe wiki moja kabla, na ninatafuta bado mtu wa jenereta, kwa sababu siku za Krismasi umeme huku juu hukatika mara kwa mara.