Pazuri papo pengi, njia nzuri ni chache

Orodha yangu ya sehemu za kwenda kurusha ndege kwenye simuleta, ile programu ya kompyuta inayoiga urubani, imerefuka kupita kiasi, na leo jioni nimeamua kuipunguza. Kila nikiona picha ya mlima, kisiwa au ziwa, naandika jina. Kisha saa ya kuwasha simuleta ikifika, nayapitia majina yale na hakuna hata moja linaloniita. Nimetandaza ramani, nimelitazama jina moja moja, na kadiri ninavyofuta ndivyo ninavyoona kwamba picha nzuri peke yake hainitoi kiwanjani. Nataka safari ambayo ardhi inajifunua kidogo kidogo, bonde moja likinikabidhi kwa jingine, hadi nikifika niwe najua nimetokea wapi.

Grand Canyon lilikuwa juu kabisa ya orodha, na nusura nilifute. Korongo lile lina urefu wa kilomita 446, kuna mahali upana wake unafika kilomita 29, na kina chake kinazidi kilomita moja na nusu. Lakini ukianzia juu yake, ukiwa angani tayari, ukubwa huo haukuambii kitu, kwa sababu macho hayana cha kulinganishia. Dakika chache tu na zile kuta nyekundu zimeshakuwa za kawaida. Basi nimelibakiza, ila nimebadilisha mwanzo. Nitaondoka Page, Arizona, kwenye uwanja ulio jirani na bwawa la Glen Canyon, niufuate mto Colorado unakokwenda. Mwanzoni mto umezama kwenye mpasuko mwembamba katikati ya tambarare, mpasuko ambao mtu angeweza kuupita bila kuuona. Hapo ndipo Marble Canyon, kipande cha kwanza cha korongo, inapoanzia. Kuta zinazidi kwenda chini, tabaka moja la rangi chini ya jingine, mpaka mto Little Colorado unapoingia kutoka kushoto, na muda si mrefu nchi yote inafunguka. Aliyepita njia hiyo ameliona korongo likikua mbele ya macho yake, na upana ule anaupokea kwa namna nyingine kabisa. Marubani wa kweli wana masharti makali ya kimo na njia juu ya eneo lile. Kwenye simuleta naweza kushuka chini ya ukingo na kuuona mwamba ukinipita dirishani.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kuuliza niende wapi, natafuta uzi wa kufuata: mto, pwani, bonde, hata reli. Uzi ukiwepo huhitaji kuikodolea macho ramani ya GPS, unaangalia nje. Mfano ninaoupenda ni Salzburg kwenda Innsbruck, kule Austria. Unaambaa na ukingo wa milima kuelekea magharibi hadi Kufstein, mahali mto Inn unapotokea milimani, kisha unaingia bondeni na kuupandisha mto. Chini yako ni mashamba, barabara kuu na reli, vyote vimebanana kwenye ile sakafu tambarare kwa sababu kwingine hakuna nafasi. Bonde linapinda, na kila kona inaficha kinachofuata. Uwanja wa Innsbruck uko mita 580 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilele vya Nordkette vilivyo kaskazini yake vinazidi mita 2,300. Ukija kutua kwenye barabara ya ndege namba 26, ukielekea magharibi, unapita juu ya jiji lenyewe, na ule ukuta uko kuliani kwako, karibu kiasi kwamba unaona makorongo madogo yaliyochongwa na theluji inayoporomoka. Hakuna haja ya kuutafuta uzuri wa mahali kama pale. Bonde lenyewe limekupeleka.

Kasi nayo inaamua mengi kuliko watu wanavyofikiri. Kasi ya noti 120 (knots), yaani maili 120 za baharini kwa saa, ni maili mbili kila dakika. Hesabu ndogo hiyo naifanyia kila njia: bonde la maili 40 litanipa dakika 20, na dakika 20 zinatosha kuona, kushangaa, kupiga picha na kujiandaa kutua. Bonde hilo hilo kwa ndege ya abiria iliyo futi 35,000 ni mkunjo tu kwenye kitambaa. Cessna 172, ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955, inakwenda karibu na noti hizo 120, na mabawa yake yako juu ya dirisha, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kutazama chini. Sioni aibu kusema kwamba kwa mandhari sijapata ndege ya kunifaa kuliko hii.

Tena udhaifu wake ndio unaoipa safari umbo. Kilimanjaro ina mita 5,895, yaani futi 19,341. Cessna 172 ikifika futi 14,000 imeshakwisha. Hewa ni nyepesi, injini haipati pumzi, sindano ya kupanda imelala kwenye sifuri. Hata lile Tandiko lililo kati ya Kibo na Mawenzi halivukiki kwa usalama. Unalazimika kuuzunguka mlima. Unaondoka uwanja wa Kilimanjaro, unaanza kupanda ukiwa bado mbali, unapita upande wa Marangu ukiwa na magenge ya Mawenzi juu yako, unazungukia Rongai ambako mteremko ni mpole na tambarare za Amboseli zimelala kuliani mwako ukitazama dirisha la pili, kisha unarudi kwa upande wa Shira. Muda wote kilele kiko juu kuliko wewe. Nikichukua TBM 930, ambayo inaruhusiwa kufika futi 31,000, naweza kukaa juu ya Kibo na kutazama ndani ya kreta, zile duara ndani ya duara na shimo la majivu katikati. Ni jambo la kuona, sikatai. Lakini mlima unaoutazama ukiwa chini yake unabaki mlima, na mimi nachagua kuuzunguka.

Jambo jingine ambalo limefuta majina mengi leo ni namna ardhi ya simuleta inavyotengenezwa. Mwezi Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikiipima kwa rada, kuanzia latitudo 60 kaskazini hadi 56 kusini. Vipimo vile, ambavyo nukta zake zimepishana mita 30 hivi, ndivyo vilivyoingia kwenye simuleta nyingi, FlightGear ya bure ikiwemo. Sasa fikiria maana yake. Volkano yenye umbo pana inatoka vizuri mno, maana mita 30 si kitu kwenye mteremko wa kilomita kadhaa. Bonde pana pia. Lakini nguzo za mawe za Meteora kule Ugiriki, au zile za Zhangjiajie nchini China, zinazosimama wima kama vidole, hazina nafasi kati ya nukta na nukta. Zinageuka vichuguu laini vilivyopakwa picha ya msitu. Maporomoko ya maji yanaumia vile vile. Victoria ina upana wa mita 1,708 na maji yanashuka mita 108, lakini yanashukia kwenye ufa mwembamba, na kwenye ardhi ya kawaida ya simuleta unakuta rangi nyeupe iliyolazwa kwenye mteremko. Simuleta mpya zinazotumia picha za angani zenye pande tatu zimeponya sehemu nyingi, hasa miji. Hata hivyo kwanza najiuliza uzuri wa mahali uko kwenye umbo kubwa au kwenye kitu chembamba kilichosimama wima, na jibu linaniokolea jioni nzima.

Picha ya satelaiti inayopakwa juu ya ardhi hiyo nayo ina msimu wake. Delta ya Okavango inalishwa na mvua za nyanda za juu za Angola, na maji yale yanachukua miezi kusafiri. Mafuriko yanafikia kilele kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo pale Botswana penyewe mvua hakuna. Ikiwa picha ilipigwa kabla maji hayajafika, utaruka kutoka Maun juu ya kahawia tupu, hata ukiiweka saa yako kwenye Julai. Okavango nimeibakiza, lakini kwanza nitaitazama kwenye ramani ya satelaiti nijue imevaa nini.

Halafu mwanga. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko inavyostahili, na sitaki kupunguza. Saa sita mchana milima yote inafanana, kwa sababu kivuli kiko chini ya miguu yake. Jua likiwa chini, kila mkunjo unachorwa. Karibu na ikweta mwanga huo unapita upesi: jua linashuka karibu wima, digrii 15 kwa saa, kwa hiyo likiwa digrii 6 juu ya upeo una dakika 24 hivi kabla halijazama. Safari ya huko lazima ipangwe kinyumenyume, uanze na saa ya kutua, kisha urudi nyuma hadi saa ya kuondoka. Kaskazini ya mbali mambo ni tofauti. Kwenye visiwa vya Lofoten, Norwei, tangu mwisho wa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami kabisa. Njia niliyoiandika ni Bodø kwenda Leknes, kuvuka Vestfjorden, kama nusu saa hivi, katikati ya usiku wa Juni. Saa hiyo jua liko kaskazini, karibu mbele yako. Visiwa vinaonekana kwanza kama ukuta mmoja mweusi uliotoka baharini, vilele vikipita mita 1,000, na mwanga uko nyuma yao. Usitue bado. Pita kwenye pengo kati ya milima, utokee upande wa bahari kuu, kisha geuka utazame ulikotoka: magenge yale yale yaliyokuwa meusi sasa yanawaka rangi ya dhahabu, na chini yake kuna fukwe za mchanga mweupe. Safari moja, mlima mmoja, nyuso mbili. Ila Lofoten iko latitudo 68, nje ya eneo ambalo Endeavour ilipima, kwa hiyo ubora wa milima unategemea simuleta yako ilichota vipimo wapi. Inafaa kupeleleza kabla ya kuondoka.

Lukla, kule milimani Nepal, imenipa shida kuamua. Kila mtu anaitaja, na kwa haki. Uwanja uko mita 2,845 juu ya usawa wa bahari, barabara yake ina mita 527 tu, na imeinama kiasi kwamba ncha ya juu imeipita ya chini kwa mita 60 hivi. Unatua ukipanda, unaondoka ukishuka, na ukishakaribia hakuna kughairi kwa sababu mbele ni mlima. Mwinamo ule unadanganya macho: barabara inayopanda inakufanya udhani uko juu mno, nawe unashuka zaidi, kumbe ulikuwa sawa. Dakika za mwisho huangalii kitu kingine chochote isipokuwa kile kipande cha lami na mshale wa kasi. Bonde la Dudh Kosi lenye uzuri wote ule linapita pembeni bila kuonwa. Nimeihamisha Lukla kwenye ukurasa wa mazoezi. Nikiweza kutua pale bila kushika pumzi, itarudi kwenye ukurasa wa mandhari.

Nafasi ya kwanza imekwenda kwa Queenstown hadi Milford Sound, New Zealand. Uzi upo: ziwa Wakatipu, refu na lililopinda, linakufikisha Glenorchy kwenye ncha yake ya kaskazini, kisha bonde la mto Dart, kisha milima ya Humboldt ambayo lazima uivuke. Kizuri zaidi ni mwisho wake. Uwanja wa Milford uko kwenye ncha ya ndani ya fiodi, yaani mkono wa bahari ulioingia kati ya milima mikali, kwa hiyo anayekuja kutoka mashariki anaufikia akiwa bado juu sana na hawezi kutua. Inambidi aupite, ashuke juu ya maji kuelekea baharini, ageuke, arudi na fiodi yote mbele yake, na Mitre Peak kuliani, kilele kinachoinuka zaidi ya mita 1,600 moja kwa moja kutoka majini. Kutua kwenyewe ndiko kunakokuonyesha mahali.

Nitatumia hali ya hewa ya kweli, si anga safi ya kuchagua, ingawa Milford inapata zaidi ya milimita 6,000 za mvua kwa mwaka na kuna uwezekano mkubwa wa kukuta mawingu yamekaa juu ya milima. Ndiyo maana kwenye bonde la Dart nitaambaa na upande mmoja, si katikati, ili nibaki na upana wote wa bonde wa kugeukia. Nikifika Glenorchy nisipoiona migongo ya Humboldt, nitageuka hapo hapo na kurudi Queenstown, nijaribu tena siku nyingine.